Kushika Kweli: Fikira za Gandhi na Mjadala Wake katika Afrika

Wanaoandika juu ya Mohandas Karamchand Gandhi (1869–1948) aghalabu huanzia Bara Hindi na kumalizia huko huko, kana kwamba Afrika ilikuwa bandari tu ya kubadilishia meli. Mambo hayakuwa hivyo. Gandhi alikaa Afrika ya Kusini, kwa kwenda na kurudi, tangu 1893 hadi 1914, na ni huko fikira yake kuu ilikozaliwa, ikapewa jina na kujaribiwa. Zaidi ya hayo, swali gumu kuliko yote juu ya fikira hiyo, yaani kama yaweza kumfaa mtu anayetawaliwa na walowezi wenye bunduki na wasio na nia ya kuondoka, lilijadiliwa kwa ukali zaidi na Waafrika kuliko na Wahindi. Makala haya yanakusudia kuifuata fikira hiyo kutoka jina lake hadi kwenye mjadala huo, na kuuliza ni sehemu gani yake ambayo ingali hai.

Safari yenyewe ya kwanza ilipitia pwani ya Waswahili. Mnamo Aprili 1893 kijana huyo, wakili asiye na wateja, alipanda meli Bombay kwenda Durban kuitumikia kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Bandari ya kwanza ya Afrika aliyoikanyaga ilikuwa Lamu. Meli ilitia nanga kwa saa chache, naye akashuka kutazama mji. Katika kurudi, mkondo wa maji ulikuwa mkali hata nusura mashua imkose meli. Kisha wakapita Mombasa, na Unguja akakaa zaidi ya juma moja akingoja meli nyingine. Hapana haja ya kulikuza jambo hili kupita kiasi. Hata hivyo linakumbusha kwamba alisafiri katika njia ya zamani ya dau na biashara, njia iliyokuwa imekwisha kuwaunganisha watu wa Gujarati na watu wa mwambao kwa karne nyingi kabla ya Mwingereza kuimiliki.

Kisa cha kutupwa nje ya gari la moshi pale Pietermaritzburg kinajulikana mno hata hakihitaji kurudiwa. Lenye maana zaidi kwa somo hili ni yaliyotokea Johannesburg miaka kumi na mitatu baadaye. Serikali ya Transvaal ilileta mswada wa sheria uliomtaka kila Mwasia mwenye umri wa miaka minane na zaidi aandikishwe, atoe alama za vidole vyake, na awe tayari kumwonyesha askari cheti chake wakati wowote. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa maana ya cheti cha namna hiyo: mzee yeyote aliyewahi kuning'inizwa kipande shingoni angalikitambua. Tarehe 11 Septemba 1906 watu wapatao 3,000 walikusanyika katika ukumbi wa Empire Theatre kuupinga mswada huo. Gandhi mwenyewe amekiri kwamba hakwenda mkutanoni na mpango wowote mkubwa. Aliyeubadili mkutano ni Haji Habib, mfanyabiashara Mwislamu, aliyesimama akasema kwamba azimio la kutoitii sheria hiyo lisipitishwe kwa kuinua mikono tu, bali liwe kiapo mbele ya Mwenyezi Mungu. Gandhi alishtuka. Akasimama akawaeleza watu uzito wa kiapo: kwamba kila mmoja atabaki nacho hata kama wenzake wote watakirudi, na kwamba huenda wakafungwa, wakapigwa na kufilisika. Walipoapa hawakuwa na jina la jambo walilolifanya.

Jina lilikuja baadaye, na namna lilivyopatikana yapasa kuwavutia watu wa taaluma ya lugha. Magazeti ya Waingereza yaliita harakati zile kwa msemo wa Kiingereza wenye maana ya upinzani usio wa vitendo, upinzani wa kukaa kimya. Gandhi aliuchukia msemo huo. Kwanza, aliona aibu kwamba watu wanapigania heshima yao kwa jina la kuazima. Pili, msemo wenyewe ulidanganya, maana uliwaonyesha kuwa ni wanyonge waliokosa silaha, ambao wangalipata silaha wangalizitumia. Basi gazeti la Indian Opinion, lililoanzishwa mwaka 1903, likatangaza shindano la kutafuta jina. Maganlal Gandhi, jamaa yake, alipendekeza sadagraha, yaani uthabiti katika jambo jema; Gandhi akalirekebisha likawa satyagraha, na mwanzoni mwa 1908 likatangazwa. Satya ni kweli. Agraha ni kushika kwa nguvu, kushikilia.

Kiswahili hakijapata neno moja lililokubalika kwa dhana hii, na upungufu huo una madhara. Mara nyingi husemwa kwamba Gandhi alifundisha "subira". Lakini subira katika matumizi ya kila siku ni kungoja, na mtu aliyechoma cheti cha serikali hadharani hangoji. Wengine husema "kutotumia nguvu". Huku ni kueleza jambo kwa kulikanusha: kunataja kilichoachwa bila kutaja kilichoshikwa, na isitoshe Gandhi alidai kwamba satyagraha ni nguvu kubwa kuliko zote. "Upinzani baridi" ndio kosa lile lile la magazeti ya Transvaal kwa mavazi mapya. Pengine "kushika kweli" hukaribia zaidi, mradi ikumbukwe kwamba kushika hapa ni kama vile nahodha anavyoushika usukani wakati wa tufani, wala si kama mtu ashikavyo ua. Methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni imebeba nusu ya fikira hiyo: kwamba haki haitokani na nguvu. Nusu ya pili, ambayo methali haikuitaja, ni kwamba mnyonge asingoje kupewa.

Kuchomwa kwa vyeti kulifanyika tarehe 16 Agosti 1908 katika uwanja wa Msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Jenerali Jan Smuts alikuwa amefikia mapatano na Gandhi kwamba Wahindi wakijiandikisha kwa hiari yao sheria itafutwa. Gandhi akajiandikisha, na kwa ajili hiyo akapigwa hadi kuzimia na Mpathani mmoja aliyeamini kwamba kiongozi ameuza watu wake. Sheria haikufutwa. Ndipo vyeti zaidi ya 2,000 vikatiwa katika chungu kikubwa cha chuma cha miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa vikawashwa. Hapo tayari zinaonekana sehemu zote za mbinu hii: kuonya adui mapema, kumpa nafasi ya kurudi nyuma, kuvunja sheria moja iliyo dhalimu waziwazi, na kuikubali adhabu.

Aliporudi Bara Hindi mwaka 1915 alikuwa ameshaandika, mnamo Novemba 1909, kitabu chake cha Hind Swaraj melini kutoka Uingereza kwenda Afrika ya Kusini. Alikiandika kwa siku kumi, na mkono wa kulia ulipochoka akatumia wa kushoto. Alikiandika kwa Kigujarati. Hoja yake kuu humhusu Mwafrika moja kwa moja: kwamba kumfukuza Mwingereza na kubaki na utawala wa Kiingereza ni kutaka tabia ya chui milia bila kumtaka chui milia mwenyewe. Mengi katika kitabu hicho, kama vile shutuma zake dhidi ya madaktari na reli, hayakubaliki kwa akili ya mtu wa leo, na hata wafuasi wake wa karibu hawakuyakubali. Lakini swali la utawala wa kigeni unaoendelea mikononi mwa wenyeji limewasumbua waandishi wa Afrika tangu uhuru mpaka sasa.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi namna Gandhi alivyofanya kazi si Maandamano ya Chumvi ya 1930, ambayo yamepigwa picha na kusimuliwa mno, bali ni wa Champaran, katika jimbo la Bihar, mwaka 1917. Huko wakulima walilazimishwa na wenye mashamba wa Kizungu kupanda nili katika sehemu tatu kwa kila sehemu ishirini za ardhi waliyoilima, na rangi za viwandani zilipoiharibu soko ya nili, wakatozwa fidia ili waachiliwe mzigo huo. Gandhi alikwenda kuchunguza. Serikali ilimwamuru aondoke. Akakataa, akafikishwa mahakamani Motihari, akakubali kosa na kueleza kwa nini hawezi kutii. Hakimu hakujua la kufanya, na baada ya siku chache kesi ikaondolewa. Ndipo kazi yenyewe ilipoanza, nayo haikuwa ya hotuba. Yeye na mawakili wachache, miongoni mwao Rajendra Prasad ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa India, walikaa wakaandika ushahidi wa maelfu ya wakulima, mmoja mmoja, wakimhoji kila mtu ili kutenga kweli na uvumi. Askari wa upelelezi waliruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tume iliundwa, Gandhi akiwa mjumbe, na mwaka 1918 sheria ikaukomesha mpango ule. Wenye mashamba walikubali kurudisha robo tu ya fedha walizozitoza, na wengi walidhani Gandhi amepunjwa. Yeye aliona kwamba kiasi si kitu. Kitu ni kwamba mwenye shamba amelazimika kurudisha, na mkulima ameona kwa macho yake kwamba anaweza kurudishiwa. Kushika kweli, basi, kulianza kwa kuitafuta kweli kwa kalamu na karatasi. Wanaomsifu Gandhi kwa utakatifu husahau kwamba alikuwa mtu wa hesabu na kumbukumbu.

Mtu akitazama kalenda ya Machi 1922 atapata mfano wa kusikitisha wa namna dola moja ilivyoshughulikia upinzani katika nchi mbili. Mwezi Februari umati wa watu pale Chauri Chaura, baada ya kupigwa risasi na polisi, ulichoma kituo cha polisi na kuwaua askari 22. Gandhi alisimamisha harakati za kutoshirikiana na serikali nchi nzima, jambo lililowaudhi wenzake, hata waliokuwa gerezani. Tarehe 10 Machi alikamatwa, na tarehe 18 jaji wa Ahmedabad, akimsemesha kwa adabu kubwa, akamhukumu kifungo cha miaka sita. Katikati ya tarehe hizo, tarehe 14 Machi, Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa sababu ya kuwaunganisha watu dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tarehe 16 umati usio na bunduki ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kuomba aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliotaka kutawanyika. Risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa watu zaidi ya 20 waliokufa. Thuku hakupata jaji wa kumsemesha kwa adabu. Alihamishwa bila kesi hadi Kismayu. Mhindi aliyekuwa amemsaidia Thuku kuchapisha maandishi yake, Manilal Ambalal Desai, mhariri wa East African Chronicle, alikuwa akisoma habari za nchi zote mbili kwa wakati mmoja.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wa Kiafrika. Je, njia ya Gandhi ilifaulu kwa kuwa ni njia bora, au kwa kuwa Bara Hindi lilikuwa na mamilioni ya watu, mahakama, magazeti, na Waingereza wachache waliotarajia kurudi kwao siku moja? Isisahauliwe kwamba hata huko haikuwa rahisi. Pale Dharasana, tarehe 21 Mei 1930, Gandhi akiwa gerezani, watu walikiendea kiwanda cha chumvi safu kwa safu, wakapigwa kwa marungu yenye vichwa vya chuma bila kuinua mkono, na mwandishi wa Kimarekani Webb Miller akawahesabu majeruhi 320 hospitalini. Aliyewaongoza siku hiyo alikuwa mshairi Sarojini Naidu, yule yule ambaye Januari 1924 aliongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika ya Mashariki mjini Mombasa. Wala haikuwa njia ya Wahindu peke yao. Katika milima ya Peshawar, Abdul Ghaffar Khan aliwaapisha Wapathani, watu waliosifika kwa visasi, waache silaha kwa jina la Uislamu, akiwafundisha kwamba subira ni silaha ya Mtume. Subira ya Khan ilimweka gerezani kwa miaka mingi chini ya Waingereza, na tena chini ya Pakistan, hadi karibu na kifo chake mwaka 1988.

Kabla ya kuupima urithi huo, haifai kufumbia macho kasoro za mwenye urithi. Katika barua na maombi yake ya miaka ya 1890 Gandhi aliwataja Waafrika kwa maneno ya dharau, akilalamika kwamba Wahindi wamewekwa daraja moja nao. Mwaka 1906 alipeleka kikosi cha kubeba majeruhi upande wa serikali katika vita vya Bambatha, ingawa kikosi hicho kiliwauguza Wazulu ambao wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuwagusa. Mwaka 1908 alikuwa akizungumza Johannesburg juu ya siku ambapo watu wa rangi zote watachangamana. Hata hivyo kambi yake ya Phoenix ilikuwa jirani ya shule ya John Dube, mwanzilishi wa gazeti la Ilanga na baadaye rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na viongozi hao wawili hawakuunganisha mapambano yao. Kwa sababu hizo walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, walidai sanamu yake iondolewe, nayo ikaondolewa Desemba 2018, miaka miwili baada ya kusimamishwa. Huko India B. R. Ambedkar alikuwa na shtaka lake pia: kwamba mfungo wa Gandhi wa Septemba 1932 dhidi ya uchaguzi wa pekee kwa watu wa tabaka la chini ulikuwa kuwalazimisha wanyonge kwa kutishia kufa, wala si kuwashawishi. Shtaka hilo ni zito, na halijajibiwa sawasawa. Sanamu nyingine ya Gandhi ilisimamishwa mwaka 1956 katika chuo cha Nairobi kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kuwa Wahindi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamechanga fedha za kuanzisha masomo ya juu kwa kumbukumbu yake. Majivu yake kidogo yalitupwa katika chimbuko la Nili, Jinja, mwaka 1948.

Mjadala wenyewe ulifika kileleni Accra, Desemba 1958, katika Mkutano wa Watu Wote wa Afrika. Mwenyekiti alikuwa kijana wa Kenya, Tom Mboya. Mwenyeji, Kwame Nkrumah, alikuwa ameiongoza nchi yake kwa mbinu aliyoikiri kuwa imetoka kwa Gandhi: Januari 1950 alitangaza mgomo na ususiaji, akafungwa, na mwaka uliofuata akatoka gerezani akiwa ameshinda uchaguzi. Lakini katika ukumbi ule walikuwapo wajumbe wa Algeria, na Frantz Fanon akasimama kueleza kwamba nchini mwake njia hiyo imekwisha kufungwa na mizinga. Azimio lililopitishwa liliwaunga mkono wanaopigania uhuru kwa amani, na vilevile wale wanaolazimishwa kujibu nguvu kwa nguvu. Wapo waliolicheka azimio hilo kuwa la ndumakuwili. Hukumu hiyo si ya haki. Liliandikwa na watu waliojua kwamba Tanganyika na Algeria si nchi moja.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, yenye walowezi wachache, na yenye kumbukumbu ya Maji Maji iliyowafundisha watu gharama ya kwenda vitani bila silaha za kutosha. TANU, iliyozaliwa Julai 1954, iliweza kupita katika mlango uliokuwa umefunguliwa kidogo, na Desemba 1961 uhuru ukaja bila vita. Mwaka 1995 Julius Nyerere alikuwa mtu wa kwanza kupewa na serikali ya India tuzo ya amani yenye jina la Gandhi. Kenya ilikuwa na walowezi walioshika ardhi ya milimani na kuifanya yao. Ni kosa kudhani kwamba Wakenya walikimbilia msituni bila kujaribu njia nyingine. Waliandika maombi kwa zaidi ya miaka thelathini. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Aprili 1950 Makhan Singh, ambaye Waingereza walikuwa wamemfunga hata India, alidai hadharani katika ukumbi wa Kaloleni uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuwa huru tena hadi 1961. Mlango ulifungwa na serikali, na baada ya hapo zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa kwa hukumu za Hali ya Hatari.

Katika Afrika ya Kusini yenyewe kampeni ya 1952 iliwapeleka gerezani watu zaidi ya 8,000 kwa hiari yao, Manilal mwana wa Gandhi akiwa mmoja wao. Kisha ikaja Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, na watu 69 wakauawa. Tarehe 10 Desemba 1961 Chifu Albert Luthuli alipokea Oslo tuzo ya amani ya Nobel. Siku sita baadaye milipuko ya kwanza ya Umkhonto we Sizwe ikasikika. Kenneth Kaunda, aliyekuwa mfuasi wa kweli wa Gandhi kuliko kiongozi mwingine yeyote wa kusini mwa Afrika, aliandika kitabu kizima mwaka 1980 kueleza namna alivyofika mahali pa kuwaunga mkono wapiganaji wa Zimbabwe. Gandhi mwenyewe huenda asingewalaani sana watu hawa. Mwaka 1920 aliandika kwamba mtu akiwa hana budi kuchagua kati ya woga na nguvu, ni afadhali achague nguvu. Aliyemchukia kabisa ni mtu anayeuita woga wake amani.

Kwa hiyo sehemu ya fikira ya Gandhi isemayo kwamba njia yake hufaa mahali pote na wakati wote haikustahimili majaribio ya Afrika. Sehemu nyingine imestahimili. Wachunguzi wawili wa Kimarekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walilinganisha mwaka 2011 harakati 323 za kati ya 1900 na 2006, wakapata kwamba zile zisizotumia silaha zilifaulu karibu mara mbili ya zile za silaha. Sababu waliyoitoa ingalimfurahisha yule aliyekaa Champaran: mgomo humruhusu mzee, mama na mtoto kushiriki, ilhali bunduki huwataka vijana wachache. Hesabu hizo hazimhakikishii mtu lolote. Wasudani walimwangusha Omar al-Bashir Aprili 2019 kwa kukaa tu mbele ya makao ya jeshi. Juni mwaka huo huo wakauawa mahali walipokaa, na tangu Aprili 2023 majenerali wameitumbukiza nchi katika vita.

Katika Kenya, jaribio lililo karibu zaidi na maana ya asili ya neno lile halikufanywa na chama wala na wasomi wa Gandhi. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama wazee, wengi wao kutoka mashambani, walikaa katika pembe moja ya Uhuru Park, Nairobi, wakafunga kula wakidai wana wao 52 waliofungwa kwa sababu za siasa. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walikuwa wamekwenda kwanza kwa Mwanasheria Mkuu kumweleza dai lao na kumwambia watamngoja wapi. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya kutoa machozi. Baadhi ya kina mama wakavua nguo zao mbele ya askari walio sawa na wana wao. Tendo hilo Gandhi hakulifundisha popote. Limetoka katika mila zao wenyewe, nalo lina uzito wa laana. Walipofukuzwa uwanjani waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu, wakakaa humo kwa takriban mwaka mzima, wakilala chini na kupokea wageni waliokuja, mmoja baada ya mwingine, kusimulia mateso yao wenyewe. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa, na kina mama wakakusanya mablanketi yao wakarudi makwao.